Miguu ya Lipiko

Jumatatu, 2 Desemba

Naanza daftari jipya kwa kiapo: nitaandika kila kitu, na yale ya kuniaibisha nitayaandika kwanza.

Nimefungua steshenari saa mbili kasoro robo. Nimefagia, nimefuta kioo cha mashine ya kopi, nimepanga kalamu. Dada Mwanaidi, mwenye duka, amekuja saa tatu na maandazi mawili, moja langu. Kutwa nzima kopi za vyeti vya kuzaliwa. Mtihani wa kidato cha nne umekwisha, matokeo hadi mwakani. Mama anasema bora nikae hapa Nachingwea mjini nifanye kazi kuliko kukaa bure nikiyangoja.

Karatasi zinazoharibika kwenye mashine ni zangu. Nachora upande wa nyuma. Wateja wakipungua mchana, Dada ananiruhusu kuziskani na kuweka maneno kwenye kompyuta. Kila Ijumaa jioni naweka sehemu moja mtandaoni. Katuni inaitwa Asiye na Uso. Jina langu halipo. Najiita Kalamu ya Kusini. Wasomaji sitini na tatu. Rafiki yangu Hidaya ni mmoja wao, na nadhani kumi wengine ni binamu zake.

Hadithi ni ya lipiko, mchezaji wa ngoma anayevaa kinyago cha mti. Ngoma ikiisha, wa kwangu hakivui. Anapita kwenye mikorosho, nyumba hadi nyumba, na kila nyumba anaita mtu mmoja kwa jina. Hakuna anayejua ni nani.

Nataka siku moja hii ndiyo iwe kazi yangu. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 6 Desemba

Sehemu ya nne imetoka. Naona ndiyo nzuri kuliko zote.

Kisanduku cha mwisho, picha ya kufungia sehemu, ni miguu tu. Lipiko kasimama mlangoni, mtoto kajificha chini ya kitanda, na sisi tunaona anachokiona mtoto. Miguu hiyo sikuibuni. Niliichora Likunja, kule Ruangwa kwa wajomba, likizo ya katikati ya mwaka, wavulana walipotoka jando. Lipiko huhesabiwa ni marehemu aliyerudi, hufunikwa mwili mzima asijulikane. Kinyago usoni, nguo hadi vidoleni, soksi, njuga vifundoni. Siku ile soksi ya kushoto ilichanika kwenye kisiki. Akaja akasimama mbele yangu. Alisimama muda mrefu. Wenzangu walipiga kelele wakakimbia. Mimi miguu iligoma. Mkono haukugoma. Nikachora kwenye kijitabu: kidole kidogo kimelala juu ya jirani yake, na kovu jembamba toka kidole gumba hadi karibu na kifundo.

Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa akisema, chora unachokiona, si unachokijua. Nimechora nilichokiona.

Jumamosi, 7 Desemba

Siku ya gulio. Mjomba Bakari amekuja toka Likunja na vinu vitano na michi yake, kama kila Jumamosi. Ni kaka yake Mama, mchonga vinu. Ndiye aliyeninunulia boksi la kwanza la rangi, nikiwa darasa la tatu. Saa sita huja kupumzika kwenye benchi letu na kumtania Dada Mwanaidi.

"Mwanaidi, mashine yako hii inatoa kopi ya kila kitu?"

"Kila kitu, Mzee Bakari."

"Basi nitolee kopi ya kiuno. Changu kimechakaa."

Tumecheka. Kisha Dada, kwa kunisifu tu, akamwonyesha katuni kwenye simu. Mjomba akaitazama. Akaipitisha kwa kidole taratibu hadi mwisho. Kwenye kisanduku cha mwisho akakawia.

Akasema, "Unachora vizuri, mwipwa."

Akarudisha simu. Nimeona akiingiza miguu yake chini ya benchi, na ndala zake. Hakunywa chai. Alisema ana haraka, na vinu vitatu vilikuwa bado havijauzwa.

Jumanne, 10 Desemba

Wasomaji elfu mbili na kitu! Nimehesabu mara mbili. Mtu fulani wa Dar amekisambaza kisanduku cha miguu. Wanaandika wanaogopa kwenda chooni. Nilifurahi hadi nikamwaga wino.

Saa nane nikaona maoni haya: "Wana Ruangwa mpo? Mguu huo si wa mzee wa vinu? Kovu la tezo hilo." Chini yake watu kumi na mmoja wanacheka.

Nimeyafuta. Yakarudi kwa jina jingine. Nimeyafuta tena. Sasa hivi yamerudi.



Jumatano, 11 Desemba

Asubuhi nimekuta njuga moja imefungwa kwenye kufuli la duka. Kengele ndogo ya chuma, ile ya vifundoni mwa lipiko, imefungwa kwa kipande cha soksi nyeusi.

Dada Mwanaidi anasema ni watoto. Ameitupa kwenye ndoo ya taka. Kila nikisukuma ndoo kwa mguu, inalia.

Jumamosi, 14 Desemba

Mjomba hajaja gulioni. Nafasi yake ilikuwa wazi hadi saa nne. Kisha mama anayeuza mihogo jirani yake akatandaza gunia lake hapo. Nikamuuliza kama ana habari za Mjomba. Akaniangalia usoni, kisha mikononi.

"Kumbe ndiye wewe, msichana wa picha," akasema. Akaendelea kupanga mihogo.

Jina langu halipo kwenye katuni. Nani kamwambia?

Simu ya Mjomba haipatikani.

Jumatatu, 16 Desemba

Saa tano aliingia mzee mmoja, kofia nyeupe, kanzu safi, simjui. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Alitaka kopi moja. Kawaida karatasi naiweka mwenyewe, lakini aliinua kifuniko cha mashine, akailaza karatasi yake juu ya kioo, akakifunika. Nikabonyeza. Kopi ikatoka. Akaichukua bila kunionyesha, akaikunja mara nne, akalipa, akaniaga. "Haya, binti. Soma sana."

Amesahau karatasi yake kwenye kioo. Nilidhani amesahau.

Ni kisanduku changu cha miguu, kimechapwa mahali pengine. Mlango upo, ukingo wa kitanda upo. Miguu imekatwa kwa wembe. Panapaswa kuwa na miguu, pana matundu mawili.

Nimeifunga mashine. Nimemwambia Dada tumbo linauma.

Jumanne, 17 Desemba

Nimefuta ukurasa wote. Sehemu zote nne, maana Ijumaa sikuweka ya tano, maoni yote, wasomaji wote. Ilichukua dakika moja. Haikusaidia. Hidaya anasema picha ipo kwenye makundi ya simu hadi Marambo, wameuzungushia mguu duara jekundu.

Mama kajua. Shemeji yake wa Ruangwa kampigia. Nilitegemea atanipiga. Alikaa chini, akafungua kilemba, akakifunga tena.

"Wanawake wote wa Likunja tunajua ni nani. Tumejua tangu siku ya kwanza alipovaa. Tunapiga kelele, tunakimbia, tunamcheka. Ndiyo kazi yetu katika ngoma ile. Wewe nani alikutuma useme?"

Nikasema sikusema, nilichora tu.

"Haya. Umechora tu."

Kisha akanieleza. Wazee wa ngoma walikaa Ijumaa iliyopita. Tarehe ishirini na nane wavulana wanatoka jando, na lipiko lazima acheze. Mjomba kacheza miaka ishirini na mbili. Vinyago vyote alivichonga mwenyewe. Lipiko akishatajwa jina, amekwisha. Hawajamwambia kama atacheza. Wamemwambia alete kinyago, wamekiweka wao. Kila siku anakwenda kuuliza, na kila siku anaambiwa asubiri.

Niliapa kuandika ya kuniaibisha kwanza. Sikufanya hivyo. Naandika sasa.

Nilijua.

Sikuanza kujua jana wala juzi. Nilijua palepale soksi ilipochanika. Mguu ule nimeupaka mafuta ya nazi nikiwa mtoto, nikalipima kovu kwa kidole. Tezo, shoka lake la kuchongea, ilimteleza akichonga kinu cha harusi ya Mama. Nilijua nikichora, nilijua nikiskani, nilijua Ijumaa ile nikibonyeza kutuma. Nilifikiri kwa kuwa picha ni nzuri, haiwezi kuwa na kosa. Mwalimu alisema chora unachokiona, nami nikajificha nyuma ya maneno yake.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua. Umeme hakuna, mashine kimya. Tumekaa mimi na Dada tukitazama maji barabarani. Bado hawajamjibu Mjomba.

Nilichukua kalamu nikaiacha.

Jumanne, 24 Desemba

Njuga ya pili. Safari hii haikuwa dukani. Ilikuwa nyumbani, ndani ya kiatu changu cha shule.

Mama kaiona. Hakusema ni watoto.

"Jumamosi tunakwenda Likunja," amesema. "Wote wawili. Usipokwenda ndiyo watajua unaogopa."

Naogopa.

Jumamosi, 28 Desemba

Naandika haya tukiwa tumesharudi. Nitaandika kwa mpangilio.

Tulifika saa nne. Uwanja umefagiwa, ngoma zinapashwa moto kwenye majani makavu. Upande mmoja wanaume, upande mwingine wanawake na watoto kwenye mikeka. Watu walitusalimia. Hakuna aliyetutukana. Walitusalimia kama wanavyosalimia wageni wa msibani.

Nilimtafuta Mjomba upande wa wanaume. Hakuwepo. Kwa kitambo kidogo moyo ulipoa. Nikasema basi wamemrudishia, yuko porini anavaa.

Mama akanigusa bega. Mjomba alikuwa upande wetu. Amekaa kwenye mkeka wa mwisho, katikati ya wanawake wenye watoto wachanga, kanzu safi, uso wazi. Amevaa viatu vya kufunika na soksi mpya. Hakuna aliyemkalisha pale kwa nguvu. Mwanamume asiye na nafasi upande ule, atakaa wapi?

Ngoma zikabadilika. Lipiko akatoka kwenye mikorosho. Kinyago nilikijua, kile chenye chale mashavuni na nywele za kweli. Mwendo sikuujua. Mabega ya kijana, yana haraka. Na miguuni, chini ya njuga, alivaa mabuti ya mpira, yale ya kupulizia dawa mikorosho, hadi magotini.

Mzee mmoja mwanamke nyuma yangu akasema kwa sauti, "Eeh, safari hii marehemu kaogopa matope!" Wanawake wakaangua kicheko. Kisha wakamwona Mjomba, kikakatika.

Lipiko akatushambulia. Tulipiga kelele, tukakimbia, ndiyo kazi yetu. Nilipogeuka nikaona mikeka yote mitupu, ila mmoja. Mjomba hakukimbia. Hakujua kukimbia. Miaka ishirini na mbili yeye ndiye aliyekuwa anakimbiwa. Alikaa peke yake, mikono magotini, na lipiko akampita bila kumtazama, kama anayepita kando ya kinu.

Akaja kwangu.

Alisimama. Ngoma zikapungua, ikabaki moja. Nilimsikia akipumua ndani ya mti. Akashusha fimbo yake mavumbini, akachora, polepole, mguu. Vidole vitano. Cha mwisho akakilaza juu ya jirani yake. Watu wote walikuwa wanaona. Kisha akainua buti, akaukanyaga, akasugua mpaka ukapotea.

Akaenda zake kucheza na watoto.

Nilitaka aniguse, anipige, chochote. Hakuna aliyenigusa. Tulipoondoka, Mjomba alikuwa anawasaidia wanawake kukunja mikeka. Nilimwamkia. Akaitikia, "Marahaba." Akanishika kichwa kidogo, kama zamani. Kisha akaendelea kukunja.

Jumapili, 29 Desemba

Nimelala kutwa.

Alhamisi, 2 Januari

Nimefungua saa mbili kasoro robo. Nimefuta kioo. Karatasi zilizoharibika zilikuwa nane, nimezipanga kwenye boksi, sijazigusa.

Konda wa basi la Ruangwa ni jirani yetu, anapita saa saba na kurudi jioni. Nimeandika barua kwa Mjomba, kwa kalamu, kwenye karatasi nzima. Naiandika na hapa nisije nikasema baadaye kwamba nilisema vingine.

Mjomba, shikamoo. Nilijua ni wewe. Najua nilichokunyang'anya, na sijui namna ya kukirudisha. Kalamu nimeiweka ndani ya boksi lile la rangi ulilonipa.

Tangu Jumamosi nafikiri jambo moja. Yule kijana alisimama mbele yangu kidogo tu, nami niliona kama mwaka. Wewe ulisimama zaidi. Wengine wote walikimbia, soksi imechanika, kijitabu kipo magotini kwangu wazi, na macho yako yako kwenye matundu ya kinyago. Ungeweza kuondoka. Ungeweza kuufukia mguu mchangani.

Konda anarudi jioni, mpe jibu huyohuyo, hata neno moja. Mjomba, siku ile ulisimama ili unitishe, au ulisimama ili nimalize kuchora?