Pua Yangu ya Kuchora, Jumamosi Chini ya Leso

Alhamisi, Nyeri. Baridi ya kuuma masikio, na ukungu umekaa juu ya mji tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Nami nimenuna tangu asubuhi.

Jumamosi ni ruracio yangu. Wazee wa kina Muriithi wanakuja kwetu kuzungumza mahari, na kabla ya chakula kuna ule mchezo: wasichana sita tutafunikwa leso kuanzia utosini hadi nyayoni, kisha Muriithi atafute aliye wake. Akikosea anatozwa faini, na mashangazi wanacheka mpaka jioni.

Jana nilimuuliza kwa simu atanijuaje. "Siwezi kosa," akasema. "Nitapapasa tu pua. Hiyo pua yako nyembamba iko peke yake Nyeri yote."

Pua yangu si nyembamba.

Nimeichora kila asubuhi kwa miaka miwili. Wasichana wanaiita kontua, na siri yake ni kutoonekana. Rangi iwe nyeusi kuliko ngozi yako kidogo tu, na isiwe na wekundu, kwa sababu kivuli hakina wekundu. Unaanzia karibu na sikio, chini ya mfupa wa shavu, unakomea kabla hujafika usawa wa jicho. Mistari miwili myembamba kando ya pua. Halafu sponji yenye unyevu, unagonga polepole, husugui. Mwisho unajitazama dirishani, maana balbu ni mwongo. Mtu akikuuliza umejipaka nini, umeharibu kazi.

Muriithi hajawahi kuniuliza. Husema alinipenda kwa sababu mimi si wa kujipakapaka. Nami nimekuwa nikiitikia, Mungu anisamehe.

Sasa kivuli hakishikiki kwa vidole. Na binamu yangu Wangui, aliyezaliwa na pua nyembamba ya kweli, ameomba mara mbili asimame karibu nami kwenye mstari. "Nikushike mkono, usiogope," anasema. Tangu lini Wangui akajali woga wangu? Wiki nzima namtazama kwa jicho la pembeni, hata chai yake naimeza kwa shaka.

Kusema kweli simwogopi Wangui. Naogopa Muriithi atashika pua yake, atabasamu, aseme, "Huyu ndiye." Hapo nitajua mbele ya watu wote kwamba aliyempenda hajawahi kuwepo.

Leo nimetoka kazini saa kumi, nikanawa uso kwa maji baridi mpaka rangi na uongo wote vikatoka. Nikajipiga picha dirishani. Nikamtumia bila neno.

Akaiona.

Kwa dakika kumi nilizongoja jibu nilimchukia, nikamchukia na mama yake, ambaye hajanikosea chochote. Kisha jibu likaingia:

"Si hii ni ile sura ya siku tulinyeshewa pale mjini Chaka? Rangi ilitoka yote, ukaenda kujipaka nyuma ya lori ukidhani sikuoni. Ya pua nilikuwa nakutania. Nitakujua na vile unasimama."

Nililia. Nililia kwa raha, peke yangu, na ile pua yangu pana imevimba. Ananijua. Amenijua siku zote na bado analeta wazee.

Halafu machozi yakakauka, nikaanza kufikiri, na kufikiri ndiyo ugonjwa wangu.

Mvua ile ya Chaka ilikuwa mwezi wetu wa kwanza. Jumapili iliyopita tu, baada ya kanisa, alimwambia mama yake mbele yangu, "Huyu hajipakangi kitu, mami." Hakupepesa jicho. Sauti haikutetemeka. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimejipaka, nilimwamini.

Kama anaweza kusema hilo kwa uso mkavu vile, ni mangapi mengine ameniambia kwa uso uleule?

Jumamosi atanifunua leso, nami sina tena cha kuficha. Yeye nitamfunua na nini?