Mtu wa Kwenda Kunisemea

Jumapili asubuhi, mwisho wa Agosti

Mama yangu mpendwa,

Umeamkaje? Najua utaisoma barua hii siku nyingi baada ya leo, lakini nauliza hivyo hivyo, kama vile nimesimama mlangoni. Kifua kimepona ile baridi ya Julai? Mbaazi za shambani zimekauka vizuri, au ng'ombe wa jirani wamezimaliza? Dada Mwikali aliniambia ulirudi kwenye kibanda chako cha mitumba pale Emali kabla hata viti vya matanga havijarudishwa kanisani, na kwamba ukiulizwa unasema nguo hazijikunji zenyewe. Nilicheka kidogo.

Mimi mwili ni mzima. Barua hii utaletewa na dada mmoja wa Machakos, muuguzi katika mji huu, ambaye anakuja nyumbani likizo. Ningepiga simu, lakini kila nikipiga nakuta umekaa na watu, na unaongea nami kwa ile sauti yako ya wageni. Haya nataka uyasome ukiwa peke yako, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kile mlichotulea nacho wewe wa Murang'a na Baba wa Makueni kwa sababu hamkutaka mtoto achague upande.

Habari yenyewe ni kwamba timu imenichukua. Utapewa hongera kanisani, na uzipokee tu. Lakini nataka wewe ujue nilivyochukuliwa.

Ulipoona mpira huu wa Kimarekani kwenye simu ya Mwikali uliuliza kwa nini wanaume wazima wanalaliana juu ya yai. Sikukujibu vizuri siku ile. Mimi kazi yangu ni kuzuia pembeni mwa uwanja, wenyewe wanaita kona. Mbele yangu anasimama mtu mmoja wa upande ule mwingine, mdakaji. Anataka kunipita akimbie nyuma yangu, arushiwe mpira adake. Katika zile yadi tano za kwanza ninaruhusiwa kumgonga kifuani kwa mikono, nimharibie mwendo wake. Baada ya hapo nikimshika ni makosa, namfuata tu kama kivuli. Na akidaka, nimwangushe.

Anayetufundisha ni Kocha Rollins. Naye alikuwa kona zamani, na vidole vyake vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Sisi kona wachanga tulikuwa sita, na tangu siku ya kwanza alituambia watakaobaki ni wawili. Alitushikisha mipira midogo ya tenisi viganjani tukimbie nayo, ili tuache tabia ya kushika jezi za watu. Alitukataza kumwangalia mdakaji usoni. "Uso unadanganya," alisema, "na miguu inadanganya. Angalia kiuno. Hakuna mtu anaweza kwenda mahali akaacha kiuno nyuma." Na tukipitwa alitaka tusahau hapo hapo. Tukimwangusha mtu vilevile, tusahau, tusimame kwa mchezo unaofuata. Kwa mbio hakuwa na neno na mimi. Shida yake na mimi ilikuwa kugonga.

Alikuwepo mdakaji mmoja anaitwa Terrence, mtu wa miaka thelathini na minne, mwenye mvi kwenye ndevu. Katika mchezo huu umri huo ni uzee. Siku ya kwanza nilimwita Mzee, lilinitoka tu. Akaniuliza maana yake. Nikasema ni heshima, mtu mkubwa.

"Maana yake nimezeeka," akasema.

"Hapana, maana yake nakuheshimu."

"Unaniheshimu kwa sababu nimezeeka!" Wote wakaangua kicheko, na kuanzia hapo hata wapishi walimwita Mzee.

Basi kila nilipopangwa mbele yake, mikono yangu ilikuwa inachelewa. Unakumbuka Baba akitoka kazini kule Kiboko na baiskeli, akikutana na mtu mkubwa njiani? Anashuka, anaingia kwenye nyasi na baiskeli yake, anangoja mtu apite. Na mimi nikisahau kushuka ananivuta sikio, bila hasira, kama mtu anayefunga bomba. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa Terrence. Nilikuwa nampisha.

"Kyalo!" Kocha alipiga kelele uwanja mzima usikie. "Wewe ni kona au ni mhudumu wa hoteli? Karibu bwana, meza yako iko kule nyuma!"

Vijana wakalichukua hilo. Nikiingia kuoga, "Karibu bwana." Nikipanga foleni ya chakula, "Karibu bwana, meza yako iko kule nyuma." Hata Terrence mwenyewe alikuja kuniuliza.

"Unanipisha kwa nini?"

"Wewe ni mkubwa wangu."

"Kijana, mimi nina watoto, na kuna watu ofisini wanangoja niteleze. Ukinipisha nitapita juu yako na wala sitageuka kukuangalia. Nigonge."

Wiki hiyo ndipo Mwikali alipopiga simu, akaniambia Baba ameanguka katikati ya mtama akifukuza ndege, na walipomfikia alikuwa ameshakwenda.

Nadhani unakumbuka ile simu ya jioni. Baba Mdogo Mutua alisema mtoto wa kiume ndiye anatupa mchanga wa kwanza, kwa hiyo watangoja, Baba akae mochari hadi nifike. Ndipo ukamnyang'anya simu. Ukasema, "Kaa huko. Ukija hataamka. Maliza ulichoanza." Nilikwenda kwa Kocha hata hivyo. Hakuwa mkali. Alisema nikitaka kwenda niende, hakuna wa kunilaumu, lakini hawezi kuniwekea nafasi, na bila nafasi karatasi zangu za kukaa huku nazo zimekwisha. Nikakaa, Mama. Wewe ulisema na mimi nikakubali, na sikuandiki kukurudishia hilo.

Ila nikuambie Terrence alichofanya. Habari zilipomfikia alikuja akakaa karibu yangu kwenye benchi. Sisi kona tunafungwa vidole kwa plasta kabla ya mazoezi, na baada ya mazoezi inauma kuzitoa. Alichukua mkono wangu akaanza kunifungua plasta hizo, kidole kwa kidole, akizikunja na kuziweka kando. Akachukua mkono wa pili. Alipomaliza akaondoka.

Jumamosi ya mazishi, nyumbani ikiwa mchana, huku kulikuwa asubuhi, na ilikuwa siku ya mazoezi ya kuangushana kweli. Nilijua saa ile mko shambani. Kocha akaniita jina, akamwita Terrence. Mara ya kwanza mikono yangu haikuchelewa. Nilimpata kifuani, akarudi nyuma hatua nzima, nikasikia watu wakisema "Oooh!" Terrence akacheka. "Kumbe uko!" Tukapangwa tena. Safari hii alifanikiwa kunitoka, akarushiwa mpira mfupi, akaudaka akigeuka. Nilikuja na bega, kichwa pembeni kama tulivyofundishwa, mikono ikamzunguka. Mguu wake ulikuwa umekwama kwenye nyasi. Mwili ulienda na mimi, goti likabaki. Nilisikia sauti ile.

"Hiyo! Hiyo ndiyo!" Kocha alikuwa anaruka. Vijana walinipiga mgongoni. Kisha wakaona haamki.

Hakuna aliyesema ni kosa, Mama. Waliangalia video ya mchezo huo mara nyingi, wakasema ni safi, ndivyo inavyofundishwa. Lakini nataka nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilipokuwa hewani na yule mtu mikononi mwangu, kabla hatujafika chini, kile kitu kizito nilichokuwa nacho kifuani tangu Mwikali anipigie kilitoka. Nilijisikia mwepesi. Nilifurahi. Halafu tukafika chini.

Jioni Mwikali alinitumia picha za mazishi. Nikaona ni yeye aliyetupa mchanga wa kwanza, amevaa kile kitambaa chako cha zambarau, na Baba Mdogo nyuma yake amekunja uso. Mwambie Mwikali alifanya vizuri.

Unajua nyumbani ukimuumiza mtu mkubwa, hata kama hukukusudia, huwezi kukaa tu. Nilipompiga Mzee Kilonzo begani kwa jiwe la kombeo, nikidhani ni ndege anayetikisa mtama, Baba alinunua sukari na majani ya chai, akanipeleka. Mimi sikufungua mdomo. Mkosaji hajisemei, husemewa na mkubwa wake. Baba alisema maneno machache akiwa ameshika kofia, mke wa Kilonzo akaipika ile chai, na Kilonzo alipokunywa ikawa imekwisha. Siku iliyofuata alinipungia mkono kama kawaida.

Kwa hiyo nilikwenda kumwomba Kocha Rollins anisindikize kwa Terrence, anisemee. Ni mtu mzima, ndiye mkubwa niliye naye huku. Alinitazama akadhani namtania.

"Unataka twende nyumbani kwake na sukari?"

"Na majani ya chai. Mimi nitanyamaza. Wewe ndiye utasema."

"Niseme nini?"

"Kwamba kijana wako amekosa."

Akaacha kucheka. "Sikiliza. Hukukosa. Ukienda kuomba msamaha kwa kazi safi, siku nyingine mikono yako itachelewa tena, na mimi kona anayechelewa simhitaji. Nakuomba usiende. Majina ya watakaobaki yanasomwa Jumanne."

Nililala nikiliwaza hilo. Asubuhi nikaenda peke yangu.

Mke wake alifungua mlango. Nikampa mfuko kwa mikono miwili. Akautazama ndani, akanitazama mimi. "Sukari?" Nikasema tafadhali aipike chai, ndivyo tunavyofanya kwetu. Akaenda jikoni, nadhani kwa sababu alikuwa amechoka kubishana na mtu. Terrence alikuwa kwenye kochi, mguu umeinuliwa juu ya mito.

"Mhudumu wa hoteli," akasema. "Umekuja kunipa pole au kuniomba msamaha?"

"Yote mawili. Lakini sikupaswa kusema mimi. Alipaswa kuja mkubwa wangu aseme."

"Yuko wapi mkubwa wako?"

Akakumbuka, akafumba macho. "Samahani, kijana."

Chai ilikuja kwenye vikombe vikubwa. Nikamweleza jinsi inavyokwenda, kwamba akinywa yamekwisha kati yetu, na hakuna wa kuyataja tena. Alikichukua kikombe, akakishika kwa mikono miwili. Nilimwona anafikiri kweli, hakuwa ananidharau.

"Ulinigonga sawa," akasema. "Nilikuambia unigonge, na ningekuwa wewe ningegonga hivyo hivyo. Sina hasira na wewe. Lakini siwezi kunywa hii. Daktari ameniambia sitakimbia tena. Unataka niseme yamekwisha. Kwako yamekwisha. Kwangu mimi hata sijui yameanzia wapi." Akakiweka chini.

Nilikaa hadi chai ikapoa na kufanya utando juu. Aliniuliza Baba alikuwa anafanya kazi gani, nikamwambia alifukuza ndege kwenye mtama wa utafiti kwa kombeo na kelele, na kwamba hata akiwa mezani akisikia ndege alikuwa anainua kichwa. Akacheka kidogo. Nilipoaga hakunipa mkono, lakini alisema, "Asante kwa kuja." Vikombe viwili vilibaki vimejaa, maana na mimi sikuweza kunywa kabla yake.

Jumanne majina yalisomwa. Langu lilikuwemo. Terrence hakuwemo. Mtu wa stoo alikuja na mfuko mweusi akatoa vitu vyake kabatini, viatu, mafuta ya kujipaka, michoro ya watoto. Kocha alinishika shingoni akasema sasa nimekuwa kona. Sijui kama aliambiwa nilikwenda. Mazoezi ya juzi wakaniwekea mdakaji mpya, kijana aliyetoka chuo. Nilimgonga akaanguka chali. Niligeuka nikarudi mahali pangu, na nilipofika ndipo nikagundua sikuangalia kama ameamka. Aliamka. Niliambiwa na wengine.

Jumapili ijayo ninacheza mechi ya kwanza, na watu watalipa kuja kutazama. Nilifikiri kumwomba Baba Mdogo Mutua aongee na Terrence kwa simu, anisemee. Lakini angesema maneno mengi, na Terrence angemsikiliza kwa adabu tu. Baba angesema machache na kofia mkononi. Huko kwa Terrence sasa hakuna mtu wa kwenda kwa ajili yangu, na mimi nimekwisha kwenda. Hilo ndilo nililotaka ulijue, Mama, usije ukadhani nilipewa nafasi hii bure.

Nisalimie Mwikali, na umwambie zile picha nimezitazama zote. Msalimie Baba Mdogo, asiendelee kukasirika kuhusu mchanga. Msalimie shangazi wa kule Wote, ambaye najua amekuja kukaa nawe na anakusumbua kuhusu dawa. Mchungaji naye mwambie nimesikia mahubiri yalikuwa mafupi, kama Baba alivyopenda.

Usijibu kwa haraka. Kunja nguo zako, kula vizuri, jifunike kifua. Na mkikaa jioni kuomba kabla ya chakula, mnikumbuke.

Mwanao,
Kyalo