Roketi Yenye Laka ya Jeneza

Kisauni, 2 Juni 2025

Kwa Shangazi Jumwa,

Shikamoo. Natumai u mzima na kile kikohozi cha vumbi la msasa kimekuacha. Mimi sijambo, ila chakula cha bweni unakijua.

Shangazi, nina shida. Roketi ya klabu yetu ya sayansi, ile ya bomba la karatasi ngumu, tuliirusha Jumamosi ikapaa vizuri ajabu, kisha ikapotelea mawinguni, nyeupe ndani ya nyeupe. Hatujaiona hadi leo. Mashindano ya shule ni mwisho wa Julai, na roketi isipookotwa na kurudishwa mezani haihesabiwi. Tumebakiwa na bomba moja tu. Hili nalo likipotea, Mwalimu Phineas kasema klabu inafungwa na chumba chetu kinapewa kwaya.

Nataka kuipaka mistari myekundu na myeusi ili ionekane. Katika ukoo wetu mzima mwenye kujua kupuliza rangi ni wewe. Nifundishe. Vivian, kapteni wetu, hajui huwa unapulizia nini, nami sijamwambia.

Wako,
Mbeyu, mwana wa nduguyo


Bofu, Likoni, 8 Juni 2025

Mwanangu Mbeyu,

Marahaba, marahaba. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Mvua haijatuacha huku, lakini kazi haipungui, maana watu hawaahirishi kufa kwa sababu ya mvua.

Kwa hiyo unaona haya kusema shangazi yako hupulizia majeneza? Haya. Hilo tutalizungumza ukifunga shule, tena utanipikia ndiyo tulizungumze.

Fondo, yule anayeleta mboga jikoni kwenu, nimempa makopo ya kupulizia: la rangi nyekundu, la nyeusi na la laka, ile ya kung’arisha mbao. Sasa sikiliza. Usipulize asubuhi. Laka ikinyonya unyevu wa hewa yetu hii hugeuka nyeupe kama uji. Ngoja jua likolee, utoke nje, ufunge pua kwa kitambaa, upepo uuache mgongoni. Anza na nyekundu kote. Ikikauka kabisa, zungusha tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa magari, na ukingo wake uukandamize kwa ukucha. Kabla ya nyeusi, pitisha laka kidogo pale ukingoni. Itaziba vijitundu, na nyeusi haitapenya chini ya tepu. Bandua tepu rangi ikiwa bado mbichi kidogo, ukiikunja kurudi nyuma, polepole.

Kisha laka juu ya vyote. Hapo usiwe bahili. Piga matabaka sita, kila moja ulipige msasa laini, mpaka ujione uso. Jeneza langu mimi huwa kioo.

Shangazi yako,
Jumwa


Kisauni, 22 Juni 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za Bofu, na za kazi? Sisi huku tu wazima.

Mistari imenyooka! Nilipobandua tepu wasichana walipiga vigelegele. Nimepiga matabaka sita kama ulivyosema, na kweli ni kioo, asubuhi nilijitazamia kola.

Lakini Mwalimu Phineas ameiweka kwenye mizani akatikisa kichwa. Ni nzito mno. Amesema itafika usawa wa paa igeuke ije chini. Vivian akauliza nani kanifundisha, nikasema kweli. Akasema, “Ndiyo maana. Vitu vya huyo mama vimezoea kushuka.” Darasa zima likacheka. Nami, Shangazi, nilicheka nao.

Roho inaniuma tangu siku ile. Nisamehe. Na roketi niifanyeje?

Mbeyu


Kisauni, 6 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Fondo amekuja tena bila barua. Anasema u mzima na uko kazini. Basi hata matusi niandikie.

Mbeyu wako


Bofu, 10 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi, namshukuru Mungu.

Nilikasirika, sikufichi. Si kwa maneno ya Vivian. Ni kicheko chako. Barua yako niliiweka chini ya kopo la thina ya kuyeyushia rangi nikaendelea na kazi zangu. Juzi napulizia tabaka la sita kwenye sanduku la mbao mbovu, vifundo na nyufa tupu, nikasimama katikati ya kazi. Laka nene ni ya kuficha. Nimezoea kuficha mbao mbaya, na sanduku hubebwa na wanaume, tena hawawezi kulalamika mbele ya wafiwa. Roketi yako haina cha kufichwa na haina wa kuibeba.

Basi iparuze. Tumia msasa mkavu, ule laini kabisa, usiutie maji, karatasi itavimba. Ukiikaribia rangi, simama, mistari isiguswe. Kisha pitisha laka mara moja tu, kopo liwe mbali na mkono usitulie mahali, iwe kama umeipumulia.

Na huyo Vivian mpe msasa naye asugue.

Jumwa


Kisauni, 27 Julai 2025

Shangazi wangu,

Shikamoo mara elfu! Tumeshinda!

Tulisugua siku nne, mimi na Vivian, vidole vikachubuka, na kufikia ya pili tulikuwa tunacheka mambo mengine. Mizani ikakubali. Jana tukaenda uwanja wa wazi upande wa Mwakirunge, na mawingu yalikuwa yale yale ya kutuibia. Ikalia, ikapaa, Shangazi, na kila mtu akaiona! Nyekundu, nyeusi, nyekundu, juu mpaka shingo zikauma. Ya shule nyingine ilipotea, wakabaki wanatazamana. Yetu ikafungua mwavuli wake ikatua juu ya mkorosho, na Vivian akaupanda na sketi yake ya shule. Tumeshika namba moja, na klabu inabaki na chumba chake.

Tumekubaliana wote ikae kwako. Fondo anakuletea. Tazama ubavuni. Herufi alizikata Vivian mwenyewe kwenye tepu, kabla ya ile laka ya mwisho.

Mbeyu


Bofu, 30 Julai 2025

Mwanangu Mbeyu,

Marahaba. Nimeipokea, sina jambo, na kikohozi leo nimekisahau.

Nimetazama ubavuni. JUMWA. Mwanangu, miaka yote hii jina likiandikwa kwenye kazi yangu ni la aliyelala ndani. Nilipoliona langu nilijishika kifua kwanza, nihakikishe niko. Niko! Nikapiga kigelegele, majirani wakatoka nje wakidhani kumezaliwa mtoto.

Nimeitundika mlangoni mwa karakana, pua juu. Watu huja kwangu na msiba wao, wakiiona huuliza ni nini. Nawaambia hii pia ni yangu, nayo ilipanda.

Mwambie Vivian aje naye likizo. Nitapika mimi.

Shangazi yako,
Fundi Jumwa