Tantine, Nimefika Vulamba na Gripe

Tantine Kavugho,

Nimefika. Naandika upesi, blanketi mabegani, kwa baridi hii ya Butembo niliyokuwa nimeisahau. Leo mchana nimesimama kwenye kaburi lako hapa Vulamba. Mimi, Masika, mtoto wa dada yako, uliyemwacha Beni katika kile chumba chetu cha juu, cha etaji, nimesimama hapo na viatu vimejaa udongo. Lakini acha nirudi nyuma kidogo, maana hukumpenda mtu anayekuletea mwisho wa habari kabla ya malalamiko yake.

Malalamiko yamerudi, Tantine! Hiyo ndiyo habari kubwa ya Beni.

Unakumbuka askari walipokuwa wakipita chini ya dirisha letu, jinsi jengo zima lilivyokuwa na adabu? Hakuna aliyegombania zamu ya maji. Mama Ngalula wa mlango wa mbele, yule ambaye mumewe alitumwa na serikali kutoka Kasai, alitusalimu kwa sauti ya kanisani. Hata joto hakuna aliyelitaja. Adabu ile ilinitisha kuliko risasi. Wewe peke yako ulinung'unika, tena mlango wazi: bati linalotuoka kama mikate, samaki wa Kyavinyonge ambao Papa Kambale mwenye jengo aliwarundika chini ya ngazi, watu wanaotembea na viatu ndani. Nilipokuuliza kwa nini huinung'unikii vita, ulisema, "Vita ni ya bakubwa. Miye nanung'unikia tu kitu naweza fagia."

Kisha ukaenda Butembo kupasuliwa, na njia ikafungwa nyuma yako. Habari yako niliipata kwenye fonie, ile redio ya kuitana, ndani ya kile kibanda, mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu. Sauti ya Tonton Paluku, kaka yako, ilitoka ikikwaruza: Kavugho ametutoka, tumemzika jana. Akaniachia nafasi nijibu. Nilibonyeza kifungo. Nilikibonyeza tu. Watu walio nyuma yangu walisikia ule mvumo mtupu, na tangu siku ile sikulia, Tantine. Nilifundisha, nilipika, nilifua. Machozi hayakuja.

Wiki hii Tonton aliita tena. Magari yanapita tena, akasema, Jumamosi tunaweka msalaba. Padri anahamishwa, hawawezi kuningoja zaidi. Nilitoka kibandani nikikimbia, mwalimu mzima, vitabu kifuani.

Na ndipo gripe, hii homa ya mafua, ilipoingia kwenye jengo.

Ungecheka hadi ushike mbavu. Mtu mmoja alipiga chafya na wote wakawa madaktari. Mama Ngalula amekata vitunguu na kuviweka kila pembe ya ukumbi, sasa tunalia bila msiba. Madirisha yamefungwa, katika joto lile, eti upepo ndio unaoleta. Watu wanajifunika mablanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi mchana kweupe, wanatoka wamepikika. Papa Kambale ametoa amri kwamba watu wawili wasikutane kwenye ngazi, kwa hiyo kutwa nzima ni kupiga kelele: "Napanda!" "Ngoja, nashuka!" "Miye nilisema ya kwanza!" Mama Ngalula alikwama katikati na ndoo yake, akamwambia mbele ya wote kwamba nyumba ya ngazi moja ni kaburi lenye madirisha. Papa Kambale akamjibu kwamba basi arudi kwao Kasai, akalale nyumba isiyo na ngazi. Niliegemea mlango nikawasikiliza kama mtu anayesikiliza muziki. Walikuwa wanagombana kwa ajili ya ngazi, Tantine. Kwa ajili ya ngazi tu!

Usiku wa Alhamisi kifua changu kikaanza kuwasha.

Ijumaa nzima nilikohoa ndani ya mto. Gari lililokuwa na nafasi lilikuwa moja, lori la mizigo la shemeji yake Papa Kambale, na dereva wake Kasereka alikuwa ameapa hatabeba mwenye gripe. Jumamosi alfajiri alitupanga kwenye mstari kando ya lori. Alikuwa amebuni kipimo chake: kila abiria aseme Salamu Maria tangu mwanzo hadi Amina, bila kukohoa. Tunaombea njia, akasema, na kifua kinajulikana. Mzee mmoja aliishia "umejaa neema". Akatolewa.

Zamu yangu ilipofika nilivuta pumzi, nikaenda vizuri, polepole. Nilipita Mama wa Mungu. Nilipita wakosefu. Nilipofika "sasa na saa ya kufa kwetu", nikaishia hapo. Haikuwa gripe. Ilikuwa wewe, ilikuwa kile kifungo cha fonie. Nililia pale barabarani kwa sauti ambayo sikuijua, kisha kikohozi nacho kikaja juu ya kilio, na hakuna aliyeweza tena kutenganisha hiki na kile.

Kasereka alinitazama, akamtazama Mama Ngalula aliyekuwa amenisindikiza.

"Huyu ni gripe ao ni kilio?"

"Ni matanga," akasema Mama Ngalula. "Tantine yake. Hakukuwa ku maziko. Mubebe."

"Na akituambukiza?"

"Weye unaogopa makamasi, na maiti ulibeba mu hii lori vita yote?"

Kasereka alinionyesha kidole juu kabisa, juu ya magunia, kwenye upepo. Na yule mzee naye akapandishwa. Tulikaa huko wawili, etaji ya wakohozi, tukilalamikia jua mpaka Maboya, na baada ya Maboya tukaanza kulalamikia baridi. Sijawahi kusafiri vizuri namna ile.

Padri alikuwa ameshika kitabu nilipofika makaburini. Msalaba ukawekwa. Tonton akaniomba niseme neno, na wote wakainamisha vichwa. Sikuwa na neno la huzuni, nilikuwa nimelimaliza barabarani. Basi nikakuambia habari za ngazi. Na za vitunguu. Na joto. Nilisikia nguo zikisuguana nyuma yangu, watu wakitazamana.

"Masika," Tonton akanong'ona, "mutu haongeake na marehemu vile."

Padri akakohoa kidogo. Kisha Tonton mwenyewe, macho chini, akasema: "Umuambie na habari ya paka yake alituachia. Analala mu kofia yangu. Kila siku."

Walicheka kwanza, Tantine, kisha wakalia, na mimi katikati yao.

Sasa ni jioni. Tonton ameanza kupiga chafya, mkewe anachemsha majani, watoto wamefunikwa blanketi, na wote wananionyesha kidole. Chai yangu imesukumwa kwa mguu mpaka mlangoni. Wananilaumu kwa sauti, bila adabu hata kidogo.

Pumzika, mama yangu mdogo. Jumatatu narudi Beni, kwenye bati letu. Chumba sitakiacha, na mlango nitauacha wazi nikinung'unika, nakuahidi. Na siku utakapotusikia tunasalimiana kwa upole mno kwenye ngazi, usilale. Utuombee.

Masika wako