Mananasi ya Baba Yamezaa

Makere, Jumapili

Dada Asnath,

Nina bahati mimi! Maotea ya mananasi ya marehemu baba uliyonipa mwezi wa pili yameshazaa, makubwa kama kichwa cha ndama.

Jirani yangu Anaclet wivu unamuua. Jana kanisimamia shambani mbele ya watu: "Kasian, nanasi huchukua mwaka na nusu. Haya umeyanunua Kasulu ukayachomeka!" Ananifundisha mimi, niliyefika Kigoma mjini mara nne! Eti tena nanasi halipandwi bondeni kama mpunga, halitaki kulowa miguu. Nani kamuuliza?

Ila mzuie mama asije Jumamosi kuyaona kama alivyopanga, Anaclet atamwambia. Niliyachomeka kweli, ili afurahi. Ya baba yalioza yote bondeni. Kama kwako yamebaki maotea, niwekee.

Mdogo wako,
Kasian