Amplifaya Mpya na Kitambaa cha Mama

Barani, Malindi. Jumapili, 1986.

Nakubali, amplifaya hii ya bei rahisi si mbaya. Nilidhani itazitia aibu spika za marehemu baba, kumbe kwenye santuri yake ya taarabu nasikia hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi za udi. Ile sauti nzito ya amplifaya yake tu ndiyo siipati.

Yake iliungua kwa joto. Mama alikuwa akiifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe hata ilipokuwa ikipiga, na baba hakuwa na moyo wa kumkataza.

Leo mama amekuja kutoka Mambrui na kitambaa kilekile, amekifua na kukipiga pasi. "Mbona umeiacha uchi, mwanangu?"

"Nayo itaungua, mama."

Akakikunja kitambaa mapajani.

Santuri ilipokwisha nilizima amplifaya, nikangoja ipoe, kisha nikamwita aifunike.