Mahakama ya Watoto Kuketi Mkokoni kwa Mara ya Kwanza

KAMATI YA ULINZI WA WATOTO, KIJIJI CHA MKOKONI
Kikao cha dharura, Jumamosi, 14 Juni 2025, darasa la tano, shule ya msingi

Waliohudhuria: Bw. Mwinyimvua (Mwenyekiti), Mwl. Nasibu, Bi. Swaumu, Bi. Habiba (Katibu).
Mwalikwa: Bi. Mwanaamina, bibi wa mtoto mwenye shauri.
Hakuhudhuria: Bw. Ismaily, mjumbe. Kwa kuwa ndiye mlalamikaji, aliombwa asikae. Alikubali, ila mlango aliubamiza.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO
Baada ya dua, Mwenyekiti alieleza kwa furaha isiyofichika kwamba simu kutoka mahakamani Kibiti imethibitisha: Jumanne tarehe 24 Mahakama ya Watoto itakuja kuketi hapa hapa shuleni, badala ya mtoto kupelekwa kwa boti. Wajumbe walipiga makofi. Bi. Swaumu alipiga vigelegele, na Katibu naye, maana jambo hili tumeliomba tangu mwaka juzi.

KUMB. NA. 2/6/2025: MAANDALIZI
Mwenyekiti alieleza kwamba ameshaazima turubai na spika, na ameshaalika watu wa kijiji cha Mbwera. Bi. Swaumu aliongeza kwamba pilau lipo, na akina mama wamechagua kanga za sare. Katibu hakuulizwa kuhusu rangi, na anaomba hilo liandikwe.

Mwl. Nasibu aliuliza kama hii ni kesi au harusi. Mwenyekiti alijibu kwamba wapo watu ambao shughuli ya wenzao huwawasha.

KUMB. NA. 3/6/2025: SHAURI LENYEWE
Ilielezwa kwamba mtoto, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikuwa dunguni, kwenye kibanda cha juu cha shambani kwao, akilinda mpunga. Aliwasha nyasi kufukuza nguruwe, upepo ukauchukua moto hadi shamba la Bw. Ismaily, dungu lake likaungua pamoja na sehemu ya mpunga. Hakuna aliyeumia.

Bi. Mwanaamina alisema mjukuu wake hakatai kosa. Ila tangu asikie habari za spika, hali chakula, na ameapa kupanda boti ya kwenda Nyamisati asionekane tena. "Kosa kalikubali, wanangu. Macho ya watu ndiyo hayawezi."

Mwl. Nasibu alieleza kwamba akitoroka atatafutwa na polisi, na huenda akawekwa mahabusu.

KUMB. NA. 4/6/2025: MAELEZO YA MWL. NASIBU
Mwl. Nasibu, ambaye akianza historia hana breki, alieleza kwamba mahakama za namna hii zilianzia Marekani, jimbo la Illinois, mwaka 1899. Kabla ya hapo mtoto aliyeiba aliweza kufungwa chumba kimoja na majambazi. Akina mama wa mji wa Chicago waliwasumbua wakubwa miaka mingi mpaka sheria ikapita. Serikali haikutenga mishahara ya waangalizi wa watoto, akina mama wakaichangisha wenyewe. Bi. Swaumu alisimama na kusema, "Basi hao ni sisi!" Katibu alikubaliana naye kabisa.

Mwl. Nasibu aliendelea kwamba kosa lao lilikuwa moja: siku za mwanzo milango iliachwa wazi, watu na waandishi wa magazeti wakajaa kumtazama mtoto. Sheria yetu imelikataza hilo. Ndani huingia wahusika tu, mzazi au mlezi, na afisa ustawi wa jamii.

Mwenyekiti aliuliza, "Yaani sisi tulioihangaikia hatutaiona?"

Mwl. Nasibu alijibu, "Hatutaiona, Mzee."

KUMB. NA. 5/6/2025: MAAZIMIO
Baada ya mabishano, iliazimiwa kwamba turubai na spika virudishwe leo. Watu wa Mbwera wataambiwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewaalika. Siku hiyo asipite shuleni mtu asiyehusika. Jina la mtoto lisitangazwe wala kuandikwa popote, kumbukumbu hizi zikiwemo.

KUMB. NA. 6/6/2025: KUFUNGA KIKAO
Bi. Mwanaamina aliomba neno la mwisho. Aliuliza, kesi ikiisha, mjukuu wake ataitwa nani, maana tangu siku ya moto kijiji kizima kinamwita Kiberiti. Wajumbe walitazama chini. Jina hilo lilianzia barazani kwa Mwenyekiti, na sote tulicheka.

Mwenyekiti alisimama, akavua kofia, akasema jioni hii ataenda kupiga hodi kwa Bi. Mwanaamina, na atamwita mtoto kwa jina lake. Akalitaja pale pale, kwa sauti. Bi. Mwanaamina aliitikia kwa niaba yake, huku akilia.

Katibu alilisikia, na kwa mujibu wa azimio hapo juu hakuliandika.

Kikao kilifungwa saa 6:20 mchana.

Mwinyimvua, Mwenyekiti ..................
Habiba, Katibu ..................